Bomba la mita sita na waya wa barabarani

Mimi ni fundi wa pampu za visima, hizi za kuzamisha, nimeingia kwenye hii kazi 2009 kama saidia fundi na mpaka leo ndo inalisha familia yangu. Watu wakisikia fundi pampu wanafikiri hatari yetu iko kule chini shimoni, na kweli shimo lina hatari zake, lakini kilichomuua mwenzetu kilikua juu ya vichwa vyetu toka asubuhi na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua uso kukiangalia. Naandika hii kwa mafundi pampu wenzangu, wapaka rangi, wapiga bati, wakata miti, madereva wa tipa, wafunga madishi, yeyote anayeshika kitu kirefu akitafuta riziki, na pia kwa wenye nyumba maana nyie ndo mnaotuita na nyie ndo mnaotuonesha pa kufanyia kazi.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe ilivyo ili muelewe ilikuaje. Pampu ikifa ndani ya kisima lazima uivute juu. Kama kisima kimefungwa bomba za chuma, zile za GI, kila bomba ni mita 6, na zimeunganishwa kwa soketi mpaka chini. Unasimamisha miguu mitatu ya chuma juu ya kisima, unaning'iniza chenibloku, ile winchi ya mnyororo ya kuvutia vitu vizito, unavuta kidogo unakaza klempu, kile kibanio kinachoshika bomba lisizame, unavuta tena unakaza, mpaka bomba la kwanza lote limetoka na linasimama wima hewani. Hapo mtu anafungua soketi kwa spana mbili za bomba, na bomba likishaachia inabidi watu wawili au watatu walikumbatie, walibebe likiwa wima hivohivo, alafu walilaze chini taratibu. Bomba la inchi moja na nusu lina kilo ishirini na kitu, sio zito sana kwa watu watatu, lakini likiwa wima linayumba, juu kunacheza kama mti wa mnazi wakati wa upepo, na macho yako yote yako mikononi na miguuni maana unaogopa lisikuponyoke. Nani atakua anaangalia kule juu mita saba? Hakuna.

Siku yenyewe ilikua nje kidogo ya Kibaha, nyumba ya mama mmoja mtu mzima, kisima cha mita 54 kwahiyo bomba tisa. Kisima kilichimbwa kwenye kona ya mbele ya kiwanja karibu na barabara, sababu gari la kuchimbia lilishindwa kupita getini, hili ni jambo la kawaida sana huku kwetu, kisima kinawekwa pale ambapo gari limefika. Wakati kinachimbwa hapakua na umeme mtaa ule. Miaka kadhaa baadae nguzo zikapita kando ya barabara, na laini ikawa inapita nje kidogo tu ya ukuta, toka kisimani mpaka chini ya waya ni kama hatua nne. Waya tatu, vikombe vya kahawia juu ya nguzo, laini ya kilovolti 33. Alafu nguzo moja ilikua imeegemea, kwahiyo katikati pale waya ulikua umeshuka.

Tulikua wanne. Fundi wetu mkuu, mtu mzima aliyenifundisha mimi kazi. Kijana wa Tanga tuliyemzoea kumuita dogo, alikua na miezi minne tu na sisi. Saidia mwingine. Na mimi. Tulianza saa tatu asubuhi, bomba la kwanza, la pili na la tatu tukalaza upande wa ndani ya kiwanja kuelekea nyumba, safi kabisa hakuna tatizo. Sasa hapo katikati mama akaja kwa upole tu akatuambia wanangu mnaniharibia mchicha wangu, kweli bomba la tatu lilikua limelalia tuta la mchicha. Fundi akasema sawa mama, haya zilizobaki tulaze huku upande wa ukuta.

Hilo neno nimelirudia kichwani miaka yote hii. Tulaze huku. Lilichukua sekunde mbili kulisema, hakuna aliyebisha, mimi mwenyewe nilisogeza ndoo ili njia iwe wazi.

Bomba la nne lilipoachia, wao watatu wakalikumbatia, mimi nikainama kukaza klempu ili zile bomba zilizobaki zisizame. Nilikua nimeinama, kwahiyo sikuona, nilisikia. Mlio kama bati linachanwa kwa nguvu, na ardhi yote kunizunguka ikawa nyeupe kama mtu amewasha taa ya kuchomelea. Nilipoinua kichwa saidia alikua ametupwa kule karibu na tenki, fundi yuko chini ameshika tumbo, na dogo bado yuko kwenye bomba, amelala ubavu na mikono yake miwili imelishika. Bomba lenyewe limeegemea juu, ncha yake iko kwenye waya.

Dogo alikua amevaa kandambili, na pale kisimani palikua na tope maana kila bomba likifunguliwa linamwaga maji yaliyobaki ndani. Fundi alikua na gambuti lakini nitaeleza hapo chini kwanini gambuti sio iliyomuokoa.

Nilinyanyuka kumkimbilia dogo. Nilikua nimebakiza kama hatua mbili hivi nikasikia sauti ya kiume toka ng'ambo ya barabara, usimguse, usimguse, rudi nyuma. Alikua jirani, mzee mstaafu ambaye ujana wake wote alifanya kazi ya kupanda nguzo. Nikasimama. Na pale pale nimesimama, sekunde chache tu baadae, lile bomba likalia tena, cheche zikaruka, mwili wa dogo ukatikisika. Ningekua nimemshika ningekua wa pili kufa siku ile. Niliona kwa macho yangu bomba limenyamaza, nikajua umeme umekata, kumbe umejirudisha.

Yule mzee alipiga simu ofisi ya umeme, namba anayo kichwani, akawaambia laini ipi na nguzo ipi. Mpaka wakazima na mzee akahakikishiwa kwenye simu kwamba imezimwa ilikua imepita kama dakika ishirini na tano. Dakika ishirini na tano tumesimama tunamuangalia dogo. Kuna aliyesema apewe maziwa, kuna aliyetaka kumvuta kwa fimbo ya mti mbichi na mzee akamfukuza kwa ukali, mama mwenye nyumba alikua anapiga yowe mpaka sauti ikaisha. Fundi alikua anaongea, anasema ana kiu. Nje ana alama ndogo tu ya kuungua kiganjani kama ya sigara na nyingine kwenye unyayo, tukaona huyu yuko sawa. Hospitali ndo wakatuambia umeme unaunguza ndani, njia iliyopita toka mkononi mpaka mguuni nyama imeiva, mkojo wake ulikua umebadilika rangi kama kokakola kwasababu misuli imeharibika na figo zinapata shida kuusafisha mwili. Walimkata vidole vitatu vya mguu na mkono wa kulia haukurudi kua na nguvu tena. Dogo alikua amefariki palepale.

Tulimsafirisha Tanga usiku. Mama yake aliniuliza swali moja tu, mwanangu, kwani hamkuuona huo waya? Sikua na jibu la kumpa.

Baada ya msiba nilirudi kwa yule mzee. Nilienda mara nyingi, nakaa kibarazani kwake ananieleza, na vingi ninavyowaambia hapa nimevitoa kwake na vingine kwenye mafunzo ya usalama niliyopata baadae nilipofanya kazi kwenye saiti ya mkandarasi mkubwa kidogo. Ntaeleza vile ambavyo sisi mafundi wa mtaani tunavikosea, maana nilivikosea vyote.

Cha kwanza, zile waya za juu hazina koti. Nilikua naamini zina ganda kwasababu zinaonekana nyeusi au kijivu, kumbe ile rangi ni vumbi na moshi na uzee wa alumini. Ni waya mtupu. Kinachouzuia umeme usishuke ni vile vikombe na hewa tu. Na watu wanasema mbona ndege wanatua na hawafi, ndege anashika waya mmoja na hajagusa kingine chochote, umeme hauna pa kwenda kupitia kwake. Wewe umesimama ardhini na bomba mkononi, wewe ndo njia yenyewe. Nenda kaangalie chini ya transfoma nyingi hapa Dar utakuta kunguru waliokufa, hao waligusa vitu viwili kwa pamoja.

Alafu hesabu yake. Ndani ya nyumba yako ni volti 230, na hizo zinaua watu kila siku. Laini ya kilovolti 33 ni volti 33,000 ukipima waya kwa waya, na ukipima waya mmoja kwenda ardhini ni kama 19,000. Gambuti ya dukani imetengenezwa kuzuia maji na tope, sio volti elfu kumi na tisa. Glovu za mpira za kuoshea vyombo au zile za fundi ujenzi hivohivo. Kilichomuokoa fundi ni kwamba mlipuko ulimrusha akaachia, na dogo misuli ya viganja ilijikaza akashindwa kuachia, ndo tofauti yao. Na mirunda ya miti, mianzi, ngazi ya mbao, vyote vikiwa vimelowa au vibichi vinapitisha umeme kwahiyo usijidanganye kwamba kwakua sio chuma uko salama.

Watu wanapenda kusema umeme mkubwa unavuta, ukikaribia tu unakunyonya. Mzee alinieleza vizuri hili. Kwa laini ya 33 umeme unaruka hewani sentimita chache tu, sio mita. Sasa kwanini tunaambiwa tukae mbali mita 3 na zaidi? Kwasababu wewe uliye chini huwezi kujua ncha ya bomba lako iko sentimita ngapi na waya. Ukiangalia kitu kirefu toka chini macho yanakudanganya, unaona iko mbali kumbe iko usawa. Bomba linayumba, upepo unasukuma waya, na waya wenyewe unashuka na kupanda, jua likiwa kali na mzigo ukiwa mkubwa waya unatanuka na tumbo lake linashuka, kwahiyo ile nafasi uliyoiona saa mbili asubuhi sio utakayoikuta saa nane mchana. Zile mita 3 ni kwa ajili ya makosa yako, na Marekani wameiweka kabisa kwenye sheria zao za ujenzi, futi 10 kwa laini mpaka kilovolti 50, na laini ikiwa kubwa zaidi umbali unaongezeka. Laini zile za minara ya chuma za kilovolti 132 au 220 usifikirie hata kufanya mahesabu mwenyewe, ita wenye laini.

Kingine ni hili la umeme kujirudisha, ambalo nusura liniue. Hitilafu nyingi kwenye laini ni za kupita tu, tawi limegusa likaanguka, upepo umegonganisha waya, ndo maana mitambo mingi imewekwa ijaribu kuwasha tena yenyewe baada ya sekunde chache, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Kwahiyo waya uliolala chini kimya haimaanishi umekufa. Na wakati mwingine hauzimiki kabisa, hasa kwenye mchanga mkavu kama wa Kigamboni au Mkuranga, mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, unaovuja unakua mdogo mpaka kinga ya kule kituoni haioni kama kuna tatizo, laini inabaki hai iko chini watoto wanapita.

Na tafadhali sana, umeme kukatika mtaani sio ruhusa ya kufanya kazi karibu na laini. Hii naisisitiza maana nimeona mafundi kipindi cha mgao wanasema sasa hivi hakuna umeme tuwahi fasta tupandishe bati. Nyumba zinaweza kua giza kwasababu fyuzi ya transfoma imekatika huku laini kubwa iko hai kabisa juu yako. Au umekatika kweli na unarudi muda wowote bila kukuambia. Au jirani kawasha jenereta amelifunga vibaya, linasukuma umeme kurudi kwenye laini, unapita kwenye transfoma kinyumenyume na kule juu unakua mkubwa. Laini imekufa pale tu wenye laini wamekuja, wamefungua, wamepima, na wamefunga waya za ethi, zile za kupeleka umeme ardhini, mbele ya macho yako.

Sasa mimi nafanyaje saivi.

Siku ya kuangalia kazi, kabla sijataja bei, kabla sijaulizia pampu ni hospawa ngapi, nasimama kisimani naangalia juu na nazunguka mzima. Kama kuna waya wowote natembea mpaka chini yake, chini ya ule wa karibu zaidi na mimi, na hapo naweka alama chini kwa chokaa. Natembea na mfuko mdogo wa chokaa kwenye begi la spana. Ile alama naichukulia kama ukuta uliotoka mbinguni mpaka ardhini. Alafu najiuliza swali moja, bomba langu likiniponyoka likaangukia upande ule, litafika? Bomba ni mita 6, linakua limebebwa juu kama mita moja na nusu, inakua saba na nusu, naongeza zile 3, ni mita kumi na nusu. Kwahiyo toka kisimani mpaka kwenye alama ya chokaa iwe zaidi ya mita kumi na nusu, na napima kwa kamba ya katani, nailaza chini, sio kwa futi ya chuma na sio kwa kuinua kitu juu. Ikitosha tunafanya, na bado mabomba yote yanalazwa upande wa mbali na laini hata kama kuna mchicha, nitaulipa mchicha. Isipotosha, kazi haifanyiki hivo.

Angalia uzuri wa hiyo hesabu, haijali waya uko juu kiasi gani. Huhitaji kukadiria urefu wa nguzo. Unafanya hesabu yote ukiwa umesimama chini na miguu yako.

Na inafanya kazi kwa wengine pia. Nondo zinakuja mita 12, zikikunjwa ni 6, ukiwa ghorofa ya kwanza unageuza nondo bila kuangalia nyuma yako tayari ushafika barabarani. Mpaka rangi na ule mti wake wa alumini wa kurefusha, ukiwa umesimama kwenye jukwaa hesabu inaanzia ukingo wa jukwaa sio ukutani. Mkata mwembe, hesabu tawi litakapoangukia, na kama tawi lishagusa waya usipande kabisa, tawi bichi linapitisha.

Kitu kingine nilichobadilisha ni kuweka mtu wa kuangalia juu. Huyu hashiki kitu. Kazi yake ni kusimama pembeni anakoweza kuona ncha ya bomba na waya kwa pamoja, yaani anaangalia kwa ubavu, na ana filimbi. Akipuliza wote tunaganda. Mwanzoni vijana walikua wanaona ni kupoteza mtu, kwanini mmoja asimame tu alafu alipwe sawa, na ndugu zangu hapa ndo mnapotakiwa kua wakali maana ukimwambia sogea tusaidie kidogo, umeshampoteza mlinzi wako. Dogo alikua na macho mazuri kuliko sisi wote. Kama angesimama pembeni na filimbi tungekua naye.

Upande wa tipa nao niongelee kidogo kwasababu nimeshuhudia. Dereva alikuja kumwaga mchanga saiti, akapandisha bodi chini ya laini, bodi ikagusa. Yeye ndani ya gari hakuhisi kitu, akaona tairi zinatoa moshi akataka kushuka kuangalia. Kwa bahati msimamizi wa saiti alijua, akamzuia kwa kupiga kelele, kaa ndani, shusha bodi taratibu. Alishusha ikaachia, akasogea mbele, akapona. Angeweka mguu mmoja chini na mkono bado umeshika mlango angekua yeye ndo waya wa kupeleka umeme ardhini. Kama gari linawaka moto na lazima utoke, unaruka miguu yote miwili pamoja, usiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, na ukitua usikimbie. Unaenda kwa kuruka miguu imebanana au kuburuza nyayo bila kuziachanisha mpaka umefika kama mita kumi hivi au zaidi. Sababu yake ni kwamba umeme ukiingia ardhini unasambaa kama mawimbi ukitupa jiwe bwawani, karibu ni mkali na unapungua ukienda mbali, kwahiyo mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma kila mguu uko kwenye umeme tofauti na unapita kati ya miguu yako. Ndo maana waya ukianguka malishoni ng'ombe wanakufa wengi, miguu ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Na ndo maana mzee alinisimamisha mimi nikiwa hatua mbili kabla hata sijamgusa dogo.

Kuhusu huduma ya kwanza, mimi nilienda kujifunza kwa sababu ya zile dakika ishirini na tano. Umeme ukishahakikishwa umezimwa na mtu hapumui kawaida na haitiki, unamlaza chali kwenye sehemu ngumu, unaweka viganja katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu kwenda chini kama sentimita 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, huku mwingine anatafuta gari. Usimpe maziwa wala maji. Na yule anayeongea na kusema yuko sawa naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo, moyo unaweza kuleta shida baadae na ya ndani huyaoni. Fundi wangu tulimpandisha bodaboda akiwa amekaa katikati, leo nisingefanya hivo.

Kitu kinachoniuma mpaka sasa ni malipo. Tanzania kuna sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 na kuna mfuko wake, WCF, mwajiri anachangia, mfanyakazi hakatwi hata mia. Lakini sisi tulikua tunaitana tu kwa simu, njoo kesho kuna kazi, hakuna mkataba wala jina lolote limeandikwa popote. Mama wa dogo alipata rambirambi tuliyochanga. Mimi nilipoanza kufanya kazi kwa jina langu nilisajili na vijana wangu nawaandikisha, ni usumbufu na kuna mwezi kazi hakuna na bado unatakiwa kupeleka taarifa, lakini siwezi tena kwenda kwa mama wa mtu na bahasha ya michango.

Wenye nyumba mtaniambia hayo yote yanaongeza gharama. Ndio yanaongeza. Kuna kazi nimeziacha na fundi mwingine akaja akazifanya kwa dakika arobaini chini ya waya na hakikutokea kitu, mteja akanipigia kunionesha kwamba niliogopa bure. Sisi pia tulikua tumeshavuta bomba karibu na waya mara nyingi bila kitu kutokea kabla ya siku ile.

Mwezi wa tatu nilipata kazi Mlandizi, kisima kiko chini ya laini kabisa, hakuna hesabu ya chokaa itakayokusaidia pale. Nikamwambia mwenye nyumba hapa tunaomba kuzimiwa. Tuliandika barua, wakaja kuangalia, wakatupangia siku, ilichukua siku tisa na baba mwenye nyumba alikua ananunua maji ya mkokoteni kila asubuhi na kila asubuhi ananipigia, fundi si dakika kumi tu. Nikawa namjibu kwa heshima mzee wangu vumilia.

Siku ilipofika walikuja mafundi wawili wa umeme. Nilisimama nikaangalia kila kitu. Mmoja akafungua dropauti zote tatu, zile fyuzi za juu ya nguzo, kwa ule mti wao mrefu, zikaning'inia wazi unaziona, akapima kila waya, alafu wakafunga ethi huku na huku ya pale tunapofanyia kazi. Akanipa karatasi ya kibali, saa nne mpaka saa nane, tukasaini wote wawili. Tukavuta bomba nane, filimbi ikiwa pembeni vilevile maana mazoea hayavunjwi, na tulipokua tunarudisha hatukurudisha chuma, tuliweka bomba la plastiki la rola pamoja na kamba ya kushikilia pampu, linalovutwa likiwa limepinda na kulazwa chini moja kwa moja bila kusimama wima hewani, ili atakayekuja kuvuta miaka ijayo, hata kama sio mimi, asiwe na kitu cha mita sita cha kusimamisha.

Saa saba na nusu tulikua tumemaliza. Yule fundi umeme akanifuata na karatasi nisaini kwamba watu wangu wote wametoka na vifaa vyote viko chini. Nikamwambia subiri. Nikaita vijana mmoja mmoja kwa jina, kila mmoja akaitika toka kwenye kivuli cha mwembe upande wa pili wa nyumba, miguu mitatu ya chuma ilikua imeshalazwa, chenibloku iko kwenye gari. Ndo nikasaini, akaenda kutoa ethi.